Muda wa Matazamio Kazini: Haki na Wajibu wa Pande Mbili

Katika maduka ya mitaa ya Kongo, Msimbazi na Aggrey, Kariakoo, kazi nyingi hutolewa kwa neno la mdomo: "Njoo kesho tukuangalie." Kumwangalia mtu kabla ya kumthibitisha si kosa. Kosa ni kumwangalia bila kikomo na bila mshahara unaojulikana.

Usaili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi tangu mtu anapoomba kazi. Mwombaji wa kazi ya kuuza vitenge aulizwe kama anajua kupima, kuhesabu fedha na kuhudumia wateja. Asipimwe kwa kabila, dini, ujauzito wala ndoa yake.

Siku ya kwanza. Mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi, mahali, saa, ujira na tarehe ya kuanza. Tunashauri muda wa matazamio uandikwe humo humo.

Wakati wa matazamio. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka muda huo ulingane na kazi yenyewe, wala usizidi miezi 12. Mwajiri anapaswa kumweleza mfanyakazi upungufu wake na kumwelekeza. Kabla ya kumwondoa, amsikilize na kumpa nafasi ya kujirekebisha.

Ajira inapokoma. Aliyefanya kazi kwa muda usiofika miezi 6 hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Hata hivyo, ujira wa siku alizofanya kazi ni haki yake. Notisi nayo isipungue siku 7 katika mwezi wa kwanza. Baada ya hapo ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki.

Mfano. Muuzaji anayelipwa kwa mwezi anaambiwa katika mwezi wa tatu, "Hukufaa, nenda," bila malipo. Kubishana kwamba alifaa hakutamsaidia. Lakini anaweza kudai ujira na malipo ya notisi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60.

Kwa hiyo tunzeni mkataba, orodha ya mahudhurio na ujumbe wa malipo ya simu. Wafanyabiashara wanaujua msemo huu, nao unawafaa wafanyakazi pia: mali bila daftari hupotea bila habari.