Ujira wa Mfanyakazi Walilia Mbele ya Mungu

Somo kwa wakatekumeni

Mmekwisha kujifunza kwamba Mungu ndiye Mwumba wa watu wote. Leo tutazame jambo litokalo katika fundisho hilo. Ikiwa kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, basi amwoneaye mtu amwonea nani?

1. Heshima ya mtu yatoka kwa Mungu

Kitabu cha Mwanzo hakifundishi kwamba mfalme peke yake ni sura ya Mungu, wala tajiri, wala watu wa kabila moja. Kila mtu ni sura yake. Kwa hiyo heshima ya mtu haitoki katika mali wala katika elimu, wala hakuna awezaye kumnyang'anya. Naye Mwana wa Mungu alipofanyika mtu, alikubali kuwa fundi wa mikono katika kijiji cha Nazareti. Tena alifundisha kwamba lolote tumtendealo mtu mdogo, twamtendea yeye mwenyewe.

2. Ujira wa haki

Torati iliamuru mfanyakazi maskini alipwe siku ile ile, kabla ya jua kutua, kwa maana maisha yake yategemea ujira huo. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowanyima wavunaji unapiga kelele, na Mungu amesikia. Ndiyo sababu Eklezya yaihesabu dhuluma hiyo miongoni mwa dhambi zinazolilia mbinguni.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika waraka uitwao Rerum Novarum. Alifundisha kwamba bwana na mfanyakazi wana ruhusa kupatana, lakini juu ya mapatano yao iko haki iliyo kubwa zaidi: ujira utoshe kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi na adili. Akikubali ujira usiotosha kwa sababu ya njaa au hofu, ameonewa.

3. Mwenyeheri Isidori Bakanja

Mkristu huyu wa nchi yetu alizaliwa karibu na mwaka 1887, upande wa Ekwateri. Alikuwa msaidizi wa waashi, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye alikwenda kumtumikia wakala wa kampuni moja ya biashara huko Ikili. Wakala hakupenda wafanyakazi wasali wala wafundishane dini. Akamwamuru Bakanja avue skapulari ya Bikira Maria, naye akakataa. Kwa hiyo akapigwa viboko zaidi ya mia kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Vidonda vikaoza, naye akafa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Angalieni mambo mawili. Bakanja alipoulizwa sababu ya kupigwa, alisema kweli. Tena alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Basi kusamehe si kuuita ubaya wema, na kudai haki si kuchukia. Mkristu hufanya yote mawili: husema kweli, na husamehe.

4. Na sisi je?

Tusiseme kwamba udhalimu ni wa makampuni na wageni tu. Jirani anakulimia shamba tangu asubuhi. Jioni wamwambia arudi kesho, na kesho wamwambia arudi juma lijalo. Mtwa anakukatia miti na kukubebea mizigo. Wampa pombe na mihogo michache, hali mtu wa kabila lako ungemlipa fedha. Mjane anakuuzia mahindi, nawe wajaza kipimo kupita kiasi kwa kuwa hana wa kumtetea.

Mwingine atajibu: «Mtwa mwenyewe amekubali.» Amekubali kwa njaa, Papa Leo amekwisha kutujibu. Mwingine atasema: «Hata mimi ni maskini.» Basi usimwite mtu kazini usipokuwa na cha kumlipa, au mpatane wazi kabla ya jembe kugusa udongo. Umaskini wako haukupi ruhusa ya kula jasho la mwenzako.

Mkatekumeni anajitayarisha kuoshwa katika maji ya batizo. Haifai aende kisimani akiwa ameshika mkononi mshahara wa mwingine.

Maswali

Heshima ya mtu yatoka wapi?
— Yatoka kwa Mungu, aliyemwumba kwa sura yake.

Je, mapatano yatosha kuufanya ujira kuwa wa haki?
— Hayatoshi. Yapasa ujira umtoshe mfanyakazi kuishi.

Aliyemnyima mwenzake ujira afanye nini?
— Atubu, tena alipe. Majuto yasiyorudisha mali, hali mtu aweza kuirudisha, si majuto kamili.

Kusudi la juma hili

Kila mmoja akumbuke nani amemfanyia kazi bila kulipwa sawasawa. Amwendee nyumbani kwake, amsalimu kwa heshima, amlipe kabla ya Dominika.