Bikoni Imezama? Usikiambie Kifaa Kipuuze Chuma

Wengi walionunua ploti ya 50 kwa 100 hapa Kitengela na kuiacha miaka kadhaa kabla ya kujenga hurudi wakakuta kona moja haina alama. Udongo wetu mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, na bikoni huinama au kuzama. Pengine lori la mawe liliipitia. Ukuta ukijengwa kwa kukisia, ugomvi na jirani huanzia hapo.

Bikoni nyingi ni kipande cha nondo kilichosimamishwa kwenye zege. Ndiyo sababu kigunduzi cha metali kinaweza kuipata. Shida ni kwamba vifaa vingi vya aina hii vilitengenezewa watafutaji wa sarafu, na ukiviwasha huwa tayari vimetegwa vipuuze chuma. Unaweza kupita juu ya bikoni yako mara kumi bila kusikia lolote.

Koili iliyo chini ya kifaa hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika. Metali yoyote iliyo karibu hupata mkondo mdogo wa umeme na kurudisha ishara. Ishara ya chuma hutofautiana na ya shaba au alumini, kwa hiyo kifaa huipa kila moja nambari yake, na misumari huwa upande wa chini. Kichujio hunyamazisha nambari hizo za chini.

Aliyepoteza pete uani anakihitaji, maana ploti ya ujenzi imejaa misumari na vipande vya waya. Hata hivyo asikipandishe mno. Pete nyembamba ya dhahabu hupata nambari zilizo karibu na za karatasi ya foili, na ukiondoa takataka hizo huenda ukaiondoa pete pia. Msumari ulio kando yake nao unaweza kuificha.

Anayetafuta bikoni afanye kinyume: azime kichujio kabisa, kifaa kisikie metali zote. Kwanza akizoeshe ardhi. Miamba ya huku ni ya volkano na mawe mengi meusi yana madini ya chuma yanayokifanya kifaa kilie ovyo. Tafuta mahali pasipo na metali, inua na ushushe koili huku ukirekebisha hadi sauti itulie. Kisha punguza usikivu, hasa ukiwa karibu na ua wa mabati, na ukae mita moja au mbili kutoka kwenye ua huo. Kelele zikiendelea, punguza tena. Wengi hufanya haraka hapa wakadhani kifaa ni kibovu.

Ukisikia sauti, pitisha koili kutoka kaskazini kwenda kusini, halafu mashariki kwenda magharibi. Nondo iliyosimama hulia mahali pamoja padogo pande zote mbili. Seng'enge iliyofukiwa huacha mstari mrefu. Kipande kipana cha bati hudanganya zaidi, kwani kinaweza kutoa nambari ya juu kana kwamba ni shaba.

Fukua udongo wa juu taratibu kwa mkono, na zege likionekana, acha. Kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa kisheria, na anayeweza kuirudisha mahali pake ni mpimaji ardhi mwenye leseni. Kuipata hakuthibitishi mpaka, kwa sababu huenda mtu aliisogeza kabla yako. Tena, ploti nyingi zilizotokana na kugawanywa kwa ranchi ya pamoja ya Kitengela mwaka 1988 zina mipaka ya jumla tu kwenye ramani ya usajili.

Jirani akipinga, usikimbilie mahakamani. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinazuia mahakama kusikiza mzozo wa mpaka kabla msajili wa ardhi hajauamua. Peleka ombi lako kwake, ukiwa na nakala ya hatimiliki na ramani. Wenye ploti zinazopakana na yako hupewa ilani na nafasi ya kusikizwa kabla hajaamua.