SOMO LA KIKUNDI: Bei ya Kununua si Bei ya Kumiliki



Somo letu la mara hii limetokana na swali tuliloletewa na kikundi kimoja cha vijana. Wao ni wanachama 18, na kwa miaka mitatu wamekuwa wakiweka akiba kutokana na kuuza miche na kukodisha viti vya plastiki na hema. Walikuwa wamefikisha Sh. 380,000. Ndipo mtu mmoja wa mjini akawaambia anauza gari kwa Sh. 350,000. Na si gari la kawaida. Ni gari la michezo la kifahari: milango miwili, boneti ndefu, viti vya ngozi, limetengenezwa Ulaya zaidi ya miaka 30 iliyopita. Vijana walilipenda papo hapo. Wakasema, "Tutalikodisha kwa maharusi. Bibi arusi gani atalikataa?"

Mweka hazina wao hakutia sahihi. Alitujia akatuuliza: "Hebu nielezeni. Gari ambalo likiwa jipya lilinunuliwa na matajiri pekee, mbona leo linauzwa bei ya ng'ombe watatu wa gredi?"

Hilo ndilo swali la somo letu. Sisi si makanika, kwa hivyo tuliketi na fundi mmoja mzee ambaye ameshika spana maisha yake yote, akatufafanulia. Aina ya gari la vijana hatutaitaja, maana tatizo si la gari moja. Tutatumia mifano ya magari yanayojulikana duniani.

1. BEI HUSHUKA, MAHITAJI HAYASHUKI

Chukueni mfano wa gari liitwalo Jaguar XJ-S. Lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1975 hadi 1996. Kwa miaka mingi liliuzwa likiwa na injini ya silinda 12, ya lita 5.3. Likiwa jipya lilikuwa gari la watu wenye uwezo. Lakini baada ya miaka, huko Uingereza na Marekani, mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kulinunua likiwa kuukuu. Wengi walilinunua kwa furaha, kisha wakalisimamisha nyuma ya nyumba na nyasi zikaota chini yake.

Kwa nini? Kwa sababu bei ilishuka, lakini injini haikupungua. Silinda zilibaki 12. Plagi zilibaki 12. Oili ilibaki karibu lita 10 kila inapobadilishwa. Mafuta nayo, ukipata kilomita 5 kwa lita moja umefanya vizuri. Linganisha na Toyota Probox tunayoiona kila siku barabarani: silinda 4, plagi 4, oili isiyofika lita 4.

Shikeni jambo hili moja hata mkisahau mengine yote: mwenye kuuza hukupunguzia bei ya gari, lakini hakuna anayekupunguzia bei ya spea. Spea huuzwa kama kwamba gari bado ni la tajiri.

2. MAMBO MANNE YANAYOKULA PESA

Fundi wetu alitufundisha mambo manne. Tuyaangalie moja moja.

(a) Mahali pa kufikia. Katika gari la kazi, makanika hufungua boneti na kila kitu kiko karibu na mkono. Gari la michezo limebanwa ili liwe fupi na jepesi, au liwe na umbo la kupendeza. Kwa hivyo kazi ndogo huwa kubwa. Mfano ni Ferrari Testarossa ya Italia, iliyotokea mwaka 1984. Injini yake ya silinda 12 iko nyuma ya viti. Kuna mikanda ya mpira inayofanya vali zifunguke na kujifunga kwa wakati wake. Ili kuibadilisha, ni lazima injini nzima ishushwe kutoka kwa gari. Fikirini: mnabadilisha mpira tu, lakini mnalipa siku nyingi za fundi. Ferrari F355, iliyotengenezwa kati ya 1994 na 1999, ilikuwa hivyo hivyo. Ni gari lililofuata, 360 Modena la mwaka 1999, ambalo mikanda yake iliweza kufikiwa kutoka nyuma ya viti bila kushusha injini. Yaani hata waliolitengeneza waliona mzigo huo umezidi.

(b) Mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka. Wengi wetu hufikiri gari lisilotembea haliharibiki. Si kweli. Mikanda, mipira ya kupitishia maji na mafuta, sili za oili, na tairi hukauka na kupasuka hata gari likiwa limesimama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Betri hufa. Kwa hivyo muuzaji akijisifu kwamba gari limetembea kilomita chache tu kwa miaka 30, usipige makofi haraka. Uliza mikanda na mipira ilibadilishwa mwaka gani, na uonyeshwe risiti.

(c) Kosa moja huzaa lingine. Mkanda wa Ferrari tuliotaja ukikatika injini ikiwa mbioni, pistoni hugonga vali, na hapo injini imekwenda. Mpira wa bei ndogo umeua kitu cha bei kubwa. Katika Jaguar XJ-S ya silinda 12, radieta ikiziba injini hupata joto kupita kiasi, na vichwa vyake vya alumini haviwezi kulivumilia. Breki za nyuma za gari hilo, kwa miaka mingi, hazikuwekwa kwenye magurudumu. Ziliwekwa ndani, karibu na difrensha. Joto la breki hukausha sili za difrensha, oili huvuja, na oili ikimwagikia breki, breki hazishiki. Mipira ya petroli nayo iko juu ya injini penye joto jingi, na ikipasuka huweza kuleta moto. Wahenga walituambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika gari la namna hii, ufa ni mwingi na ukuta ni ghali.

(d) Spea na ujuzi. Gari linalotumiwa na watu wengi lina spea kila soko, na kila kijana wa gereji analijua. Gari adimu si hivyo. Huko Uingereza kulitengenezwa gari liitwalo McLaren F1 katika miaka ya 1990. Yote kwa jumla ni 106 tu. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba mafundi wa kampuni bado walikuwa wakitunza kompyuta ndogo za Compaq za miaka ya 1990, kwa sababu kompyuta hizo ndizo zilizoweza kusoma injini ya gari hilo. Ikiwa kampuni yenyewe ilitafuta kompyuta kuukuu, je, kikundi chetu kitatafuta wapi? Spea ikiagizwa ng'ambo, kuna bei ya spea, usafiri, ushuru, na kungoja. Na gari linalongoja spea haliendi harusi.

3. JE, WANAOYATUNZA NI WAJINGA?

La hasha. Kuna watu wanaoyapenda magari ya zamani, na wanajua wanalipia mapenzi yao. Hapa kwetu kumekuwa na maonyesho ya magari ya namna hiyo Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Ukitazama gari lililong'arishwa mpaka chini ya injini, ukumbuke methali: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kung'aa kule kuna miaka ya kazi na pesa.

Wengine watawaambia, "Gari kuukuu hupanda bei." Ni kweli kwa machache. Mwaka 2018 huko Marekani, gari moja la Ferrari 250 GTO lililotengenezwa mwaka 1962 liliuzwa kwa mnada kwa dola zaidi ya milioni 48. Lakini magari ya aina hiyo hayafiki hata 40 duniani kote. Usitumie bahati ya machache hayo kununulia gari ambalo maelfu ya wenzake wameoza.

Tofauti ni hii. Mtu binafsi anaweza kutumia pesa zake kwa kujifurahisha. Pesa za kikundi ni jasho la watu 18, na zimewekwa ili zizae.

4. HESABU TULIYOFANYA PAMOJA

Tuliwaomba vijana wasikate kauli kabla ya kufanya mambo mawili. Kwanza, wamlipe fundi asiye rafiki wa muuzaji alikague gari. Pili, tuandike hesabu ubaoni, kila mtu akiona. Hii ndiyo hesabu yao ya mwaka wa kwanza:

Mapato: harusi 20 kwa Sh. 15,000 kila moja = Sh. 300,000

Matumizi:
– Petroli, dereva na kuosha, Sh. 4,000 kila harusi = Sh. 80,000
– Bima = Sh. 40,000
– Sevisi za kawaida = Sh. 60,000

Yanabaki Sh. 120,000. Hapo vijana walishangilia! Ndipo fundi akasoma orodha yake: radieta, mipira yote ya maji na petroli, breki, tairi nne, na sili zinazovuja. Jumla Sh. 260,000, bila kuhesabu lile asiloweza kuliona mpaka injini ifunguliwe. Toa 260,000 kutoka 120,000. Mwaka wa kwanza ni hasara ya Sh. 140,000.

Lakini ubaya zaidi haukuwa hapo. Mweka hazina ndiye aliyeuona. Alisimama akasema: "Matengenezo hayangojei mapato. Yanataka kulipwa kabla ya harusi ya kwanza. Tukishanunua, tutabaki na elfu thelathini. Hizo mia mbili sitini tutazitoa wapi?"

Kukawa kimya. Kijana mmoja akajaribu: "Tutatengeneza pole pole." Fundi akamjibu kwa upole, "Mwanangu, siku ambayo gari litazimika na bibi arusi ndani, watu wa harusi hawatakungoja pole pole."

Jambo la bima pia lilitushtua. Bima ya gari la binafsi huenda isilipe kitu ikiwa gari lilikuwa limekodishwa wakati wa ajali. Ulizeni kampuni ya bima kwanza, na mpate jibu kwa maandishi.

Mwishowe walipiga kura. Wanachama 13 walikataa, watano walikubali. Walinunua hema la pili na viti zaidi, na salio wakaliacha benki. Baadhi ya wale watano bado wananuna, na hatuwalaumu. Kuiacha ndoto si jambo rahisi, hasa kwa kijana ambaye amezoea kuona vizuri vikipita tu barabarani. Lakini akiba ya miaka mitatu bado ipo.

5. SOMO KWA VIKUNDI VYOTE

Pengine kikundi chenu hakitauziwa gari la michezo kamwe. Lakini mtauziwa mashine kuukuu ya kusaga posho, pampu ya maji, pikapu, au jenereta. Sheria ni ile ile. Kabla ya kununua, ulizeni:

– Likiwa jipya lilikuwa la bei gani? Spea zake zitafuata bei hiyo, si bei tunayoambiwa leo.
– Spea zinapatikana soko la karibu? Ni mafundi wangapi hapa kwetu wanaolijua?
– Ni vitu gani vya mpira, na vilibadilishwa mwaka gani? Risiti ziko wapi?
– Kikiharibika kitu kidogo, kinaweza kuharibu kitu gani kikubwa?
– Tukishalipa, tutabaki na pesa ngapi za matengenezo? Kama hakuna kinachobaki, bado hatujafika wakati wa kununua.
– Kama ni gari, je, tumethibitisha mwenyewe ni nani kwa NTSA?

Tena, fungueni daftari la matengenezo siku ile ile mnaponunua. Mali bila daftari huisha bila habari.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kijiji chetu, kuna mashine au gari lililosimama kwa kukosa matengenezo? Lilinunuliwa na nani, na hesabu gani haikufanywa?

2. Mweka hazina alikataa kutia sahihi wakati wengi walikuwa na furaha. Je, katika kikundi chetu mtu anaweza kufanya hivyo bila kuchukiwa? Tufanye nini ili aweze?

3. Wale watano walikuwa na ndoto. Kikundi kinawezaje kuheshimu ndoto za vijana bila kupoteza akiba?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, chagueni kitu kimoja kinachomilikiwa na kikundi. Andikeni bei iliyonunuliwa. Chini yake andikeni kila shilingi iliyotumika kukitunza tangu siku hiyo. Jumlisheni. Someni jumla hiyo kwa sauti mbele ya wanachama wote.

Tuonane katika somo lijalo.