Ndoano na Chambo cha Mbuta wa Maji Marefu

Wavuvi wengi wa mbuta kwenye fuo zetu za Ziwa Victoria huulizia kwanza bei ya ndoano. Ulizia namba. Namba ikipanda, ndoano hupungua: namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, nayo hunasa hata mbuta wachanga ambao hawajawahi kutaga. Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana mbuta wa kuvuliwa awe na urefu wa sentimita 50 hadi 85. Wanaozidi hapo ndio wazazi wa ziwa, wengi wao majike.

Chambo kiwe hai. Mbuta hupenda fulu, ila mumi mdogo ni mgumu zaidi, hukaa muda mrefu kwenye ndoano.

Kina ndicho huwapotezea wengi usiku mzima. Kuanzia Septemba hadi karibu Aprili, maji ya chini kabisa huishiwa oksijeni, na mbuta huyakimbia. Punguza mawe, ongeza maboya, hata ya chupa za plastiki. Juni hadi Agosti upepo wa kusini huyachanganya maji. Hapo shusha kamba. Ukikuta chambo cha ndoano za chini kimekufa na cha juu kingali hai, umeshusha mno.