Faili Moja, Foleni Nzima: Niliyojifunza Steshenari

Steshenari yangu ipo Morogoro, karibu na stendi ya daladala. Nilianza na kompyuta moja ya mtumba, RAM yake GB 2, diski inanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Wateja huja na flashi, wanataka kuprinti, na mara nyingi kilichomo ni PDF. Haya nimeyapata kwa kukaa nyuma ya kaunta.

1. Uzito wa programu unapimwa kwenye foleni

Ilikuwa siku ya mwisho ya maombi fulani ya kazi. Vijana sita wamepanga mstari, kila mmoja na vyeti vyake. Programu niliyokuwa nayo, ya jina kubwa, iliamka taratibu, ikatafuta masasisho, ikaniuliza kama ningependa kuingia kwa akaunti, ikanionesha huduma za kulipia, ndipo ikafungua ukurasa mmoja. Kijana wa tatu akasema, "Kaka, boda inanisubiri," akachomoa flashi yake na kuvuka barabara kwenda kwa jirani. Wa nne na wa tano wakamfuata. Kabla ya siku ile nilidhani tatizo ni kompyuta, na nilishaanza kuweka akiba ya kununua nyingine.

2. Bure na huria ni mambo mawili

Usiku ule nikaingia mtandaoni kutafuta programu ya bure. Nikaangukia tovuti yenye vitufe vitano vya kupakua, nikabonyeza kilichong'aa kuliko vyote. Asubuhi kivinjari kilikuwa na upau nisioujua, na "kisafishaji" kilichodai kompyuta yangu ina mamia ya makosa, nilipie yaondolewe. Fundi alinitoza shilingi 15,000 kuviondoa. Bando sijahesabu.

Kiswahili kimetusaidia hapa, kwa kuwa kina maneno mawili. Bure ni habari ya bei. Huria ni habari ya haki: leseni inamruhusu yeyote kuuona msimbo wa programu, kuubadili na kuusambaza. Mimi sijui kusoma msimbo hata mstari mmoja, lakini wapo wanaojua, na mwenye programu akichomekea uchafu, wenzake wanaweza kuuchukua msimbo uleule na kuendelea bila yeye. Tangu hapo, kabla ya kupakua chochote natazama leseni, na napakua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe.

3. Ndogo yenye adabu

Mwanafunzi mmoja aliyekuja kubandi ripoti ndiye aliyenipa SumatraPDF. Krzysztof Kowalczyk aliitoa mwaka 2006, inatumia leseni huria ya GPL, na kazi ya kuchora kurasa inafanywa na injini iitwayo MuPDF. Ni ya Windows tu. Ina toleo la kubebeka lisilohitaji kusakinishwa. Unalinakili kwenye flashi, unabofya, linafunguka. Nilitazama saa kwa mazoea, nikakuta ukurasa umeshatokea.

Kasi niliizoea baada ya wiki moja. Kilichonifurahisha kwa muda mrefu zaidi ni kwamba programu hii hailishikilii faili. Zamani mteja akisahihisha CV kwenye Word, tukitaka kuihifadhi upya kama PDF, tulikataliwa kwa sababu faili liko wazi kwenye programu nyingine. Funga, hifadhi, fungua tena, subiri. Sasa naiacha PDF wazi upande wa pili. Tukihifadhi, ukurasa unajibadilisha wenyewe mbele ya mteja. Namba ya simu iliyokosewa inaonekana kabla karatasi haijatoka.

Pia hukumbuka ukurasa ulioishia, na inafungua EPUB, MOBI na DjVu. Lakini asikudanganye mtu kwamba programu nyepesi ni kinga ya virusi. Kile kirusi kinachoficha mafolda na kuacha shotikati hakingoji ufungue PDF.

4. Faili lenyewe likiwa zito, hakuna muujiza

Kitabu kilichopigwa picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kitabaki mzigo kwenye programu yoyote. Tena ukitafuta neno hulipati, kwa kuwa ndani hakuna maneno, kuna picha tu. Hapo inahitajika programu ya kutambua maandishi. Tesseract ni huria, na Kiswahili inakisoma.

5. Ile nzito usiitupe

Dada mmoja aliniletea fomu ya viza. Nikaifungua, ukatokea ujumbe kwamba tusubiri. Nikampa kiti. Tukasubiri, tukaongelea bei ya mchele, tukasubiri tena. Baadaye sana ndipo nilipoelewa: ujumbe ule ndio ulikuwa ukurasa wenyewe. Fomu ilikuwa ya aina ya XFA, ambayo programu nyingi nyepesi haziifungui. Kiwango cha PDF 2.0 cha mwaka 2017 kiliiacha XFA, ila fomu za namna hiyo bado zinatembea. Nikairudisha ile ya jina kubwa kwenye kompyuta ya pili niliyoongeza baadaye, nikaizuia isijiwashe yenyewe, na huifungua kwa fomu hizo tu.

6. Kompyuta ikichoka kabisa, badilisha mfumo

Ile ya mtumba siku hizi inatumia Linux. Hapo nasomea kwa Okular, nayo huria. Si nyepesi kama Sumatra, lakini inaniwezesha kupaka rangi mistari na kuandika maelezo pembeni. Mwaka 2022 ilipewa nembo ya mazingira ya Ujerumani, Blauer Engel, ikiwa programu ya kwanza kabisa ya kompyuta kuipata, na matumizi ya umeme ni mojawapo ya mambo yaliyopimwa. Habari hiyo niliisoma nikiwa naingiza tokeni ya Luku, ya pili wiki ile. Nikaisoma mara mbili.