Barabara yapanuliwa: Je, utavuka vipi?

BARABARA kuu inapopanuliwa, wengi wetu hushangilia. Tunatarajia msongamano upungue, matatu zifike mjini mapema na ploti zilizo karibu zipande bei. Ni nadra mtu kuuliza swali linalohusu uhai wake moja kwa moja: Mimi nitafikaje ng'ambo ya pili?

Wiki hii tutafanya hesabu ndogo ambayo kila anayeishi kando ya barabara kuu anafaa kuielewa. Si hesabu ngumu.

Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde moja. Leni moja ya barabara kuu huwa na upana wa karibu mita 3.5. Kwa hivyo, barabara ya zamani ya leni mbili huvukwa kwa sekunde sita hivi. Barabara ikipanuliwa hadi leni nne kila upande, mtu huyo huyo atahitaji sekunde 12 kuvuka upande mmoja tu, na akifika katikati angojee tena avuke upande wa pili.

Sasa mfikirie nyanya mwenye maumivu ya magoti. Yeye hutembea kama mita 0.8 kwa sekunde. Leni nne zitamchukua zaidi ya sekunde 17. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Katika muda huo wa nyanya kuvuka, gari litakuwa limesafiri karibu nusu kilomita! Yaani gari analoliona likiwa mbali kama kitone, ndilo litakalomfikia kabla hajamaliza kuvuka.

Je, dereva hawezi kusimama? Inategemea mwendo wake. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari zuri kwenye lami kavu huhitaji karibu mita 28 kusimama, tukihesabu sekunde moja ya dereva kutambua hatari. Kwa kilomita 100, huhitaji karibu mita 80. Mwendo umezidi mara mbili, lakini umbali wa kusimama umezidi karibu mara tatu.

Mwili wa binadamu nao una kikomo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba mtu akigongwa na gari linalokwenda kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa huwa zaidi ya mara nne ya ile ya kugongwa kwa kilomita 50. Ubongo, ini na wengu haviwezi kustahimili kishindo hicho. Ndiyo sababu sheria yetu ya trafiki huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara.

Watoto wako katika hatari kubwa zaidi. Mtoto mdogo hawezi kukadiria kasi ya gari linalomjia, na kwa kuwa ni mfupi, dereva hamwoni akiwa nyuma ya gari lililoegeshwa. Si ajabu kwamba ulimwenguni ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Tunao mfano nyumbani. Barabara ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilipanuliwa kati ya mwaka wa 2009 na 2012. Awali ilikuwa na leni mbili kila upande. Katika baadhi ya sehemu zikawa nne, mbali na barabara za pembeni. Safari zilifupika kweli. Lakini wakazi wa Roysambu, Githurai na Kahawa walijikuta na barabara pana kati yao na soko, shule au steji. Baadhi ya madaraja ya wanaotembea kwa miguu yalijengwa baadaye, na kwa muda ikabidi matuta yawekwe kwenye barabara iliyokusudiwa magari ya kasi.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana upesi. Mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari ambaye zahanati yake iko ng'ambo, akiogopa kuvuka ataruka siku ya kuchukua dawa. Ataacha pia kutembea, na kutembea ni sehemu ya tiba yake. Barabara haikumgusa, lakini imemdhuru.

Tufanye nini basi? Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka mradi mkubwa kama huu uchunguzwe athari zake na wananchi watoe maoni. Mkutano ukiitishwa katika mtaa wenu, usiende kusikiliza habari za fidia tu. Uliza maswali haya:

1. Daraja litajengwa mahali watu wanapovuka sasa, au mwendo wa dakika 15 kutoka hapo?

2. Litakuwa na mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto mgongoni, au ngazi tupu?

3. Litawekwa taa? Daraja lenye giza ni maficho ya wezi, na watu watalikwepa.

4. Steji zitakuwa karibu na daraja?

5. Wakati ujenzi unaendelea, watu watavukia wapi?

Na pale daraja lipo, litumie hata ukiwa na haraka. Mshike mtoto mkono, usimtume dukani ng'ambo peke yake. Usiku vaa nguo nyeupe au inayong'aa. Usivuke mbele ya matatu iliyosimama, kwani gari la leni ya pili halikuoni. Nawe dereva, upana wa barabara usikudanganye: mtaa ni ule ule, na watu ni wale wale.

Wahandisi wanaweza kuongeza leni, lakini hakuna awezaye kuongeza kasi ya miguu ya nyanya. Barabara ndiyo inayopaswa kumngoja.