Uvimbe wa Galaksi Yetu: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mwalimu wa Bukavu

Bukavu iko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe, hupanda kwetu zaidi ya digrii 60 juu ya upeo wa kusini. Mtu wa Paris hukipata kwenye digrii 12 hivi, karibu na mapaa ya nyumba. Mwalimu aliyejaliwa anga kama hili hana udhuru wa kufundisha ovyo jinsi nyota zinavyozaliwa na kurundikana katikati ya galaksi.

Usikitafute kitovu hicho Desemba. Mwezi huo Jua liko upande huohuo wa anga. Anza mwishoni mwa Juni, kitovu kinapofika juu kabisa saa sita usiku. Katikati ya Julai hufika saa nne, na katikati ya Agosti saa mbili. Lakini kiangazi huja na vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Mimi nachagua Septemba: mvua za kwanza zikishaosha hewa, saa moja usiku kitovu bado kiko juu.

Usipande na wanafunzi mlimani usiku. Mji huu uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na bomba refu la darubini gizani laweza kudhaniwa silaha. Tumia ua wa shule, kwa idhini ya wazazi, na kila mtoto awe na mtu wa kumrudisha nyumbani. Hakuna nyota inayostahili maisha ya mtoto. Kama hali si shwari, ahirisha.

Chagua ua ambao taa za mji ziko mgongoni mwako. Unatazama kusini. Aliye mtaa wa Panzi ana nafuu kuliko aliye Bagira, ambaye hutazama juu ya mji mzima. Shirika la umeme, SNEL, likikata umeme, toka nje mara moja.

Onyesha mahali penyewe, kati ya makundinyota ya Nge na Mshale. Nyota za Mshale zimepangika kama birika la chai. Penye mdomo wa birika Njia Nyeupe inanenepa na kung'aa: huo ndio uvimbe, rundo la nyota lenye uzito wa Jua mara bilioni 15 hadi 20, umbali wa miaka ya nuru 26,000 na zaidi.

Usiseme, "Mnaona kitovu." Hawakioni. Vumbi lililo njiani hupitisha chembe moja tu ya nuru ya kawaida kati ya trilioni. Kinachoonekana ni sehemu za uvimbe zilizo kando ya vumbi hilo. Mwastronomia Walter Baade, katika miaka ya 1940, alitafuta upenyo akaupata karibu na mdomo huohuo wa birika; hadi leo unaitwa Dirisha la Baade. Macho yakipita hapo hufika umbali wa miaka ya nuru 1,800 hivi kutoka kitovuni. Taja jina hilo darasani, na waonyeshe wanafunzi upande wa kutazama.

Usifundishe kwamba uvimbe ni makaburi ya nyota kuukuu. Hili ndilo kosa linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Nyota nyingi za uvimbe wetu zina umri wa karibu miaka bilioni 10. Lakini katikati kabisa kuna ukanda wa gesi nzito, yenye uzito wa Jua mara makumi ya mamilioni, na humo nyota zinazaliwa hata sasa. Mafungu ya nyota yaitwayo Arches na Quintuplet yana umri wa miaka milioni chache tu. Kisha ongeza jambo ambalo wataalamu bado wanalihangaikia: kwa wingi wa gesi hiyo, nyota zilipaswa kuzaliwa mara kumi zaidi. Gesi ya huko ina joto, inachafuka kwa kasi na imeshikwa na sumaku kali, kwa hiyo haijikusanyi kwa urahisi. Kipi kati ya hivyo kinazuia zaidi? Waache wanafunzi wabishane.

Eleza upau. Katikati ya galaksi yetu nyota zimejipanga kama upau mrefu unaozunguka. Upau huo huinyang'anya gesi mzunguko wake, nayo hutelemka ndani, hujikusanya katika pete na kuzaa nyota. Katika galaksi NGC 1097 pete ya namna hiyo inaonekana wazi, imejaa nyota changa. Zaidi ya hayo, upau wenyewe hufura juu na chini. Sehemu kubwa ya uvimbe wetu ni upau uliofura hivyo. Picha za infraredi za setilaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, zilionyesha umbo hilo.

Usidai kwamba kila uvimbe ulitokana na galaksi kugongana. Baadhi ndiyo. Nyingine zilikua polepole kutoka ndani.

Usilipe shimo jeusi sifa isiyo yake. Shimo jeusi lililo kitovuni mwa galaksi yetu, Sgr A*, lina uzito wa Jua mara milioni 4. Linganisha na uvimbe: ni kama sehemu moja kati ya 4,000. Halishikilii galaksi, wala halivuti nyota zote ndani. Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipewa Nobel mwaka 2020 kwa kupima mwendo wa nyota zinazolizunguka. Soma walichopima kabla ya kusimulia.

Usionyeshe picha bila kutaja nuru iliyoipiga. Picha ya kitovu iliyotolewa darubini ya MeerKAT ilipozinduliwa Julai 2018 huko Afrika Kusini ni ya mawimbi ya redio, na rangi zake zilipakwa na watu. Mwambie mtoto hivyo, la sivyo atakwenda uani akitafuta rangi hizo na ataona umemdanganya.

Usingoje darubini. Macho yanatosha kuanza.

Lakini baadaye darubini nazo zitahitajika. Nchi 8 za Afrika zilijiunga na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Kongo haimo. Wakuu wa vyuo vya Bukavu, daini nafasi katika mradi huo, na mwanzishe somo la astronomia ili ikipatikana wawepo wa kuijaza.